Kauli ya Mgongo

Ukitaka kujua kama maji yako sawa, usiyatazame maji. Tazama kinachoelea juu yake. Hilo ndilo neno la kwanza Namkunda aliloambiwa alipoajiriwa katika jumba la mayai la Ivuga, huku juu Upareni, na ndilo lililomsimamisha mlangoni asubuhi ile ya ukungu, mabuti yakiwa bado na tope la njiani na mkono ukiwa haujafika kwenye swichi.

Chelezo chenyewe kilikuwa sawa. Kilielea katikati ya bwawa la ndani kama kitanda kilichotandikwa vizuri, kimebeba masinia yake yote yaliyofunikwa vitambaa vyeusi, bila kuinama upande huu wala ule. Lakini ubavuni, upande wa ukutani, palikuwa na mstari wa tope lililokauka, mwembamba kama wanja, na chini ya mstari huo mbao ilikuwa imekwaruzwa ikabaki nyeupe.

Namkunda alichutama, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo ule. Ukatoka na chembe za saruji.

Kando ya ukuta, chini ya maji, mafundi walikuwa wamejenga ukingo wa saruji ili wapate pa kukanyaga wakati wa kusafisha. Bwawa likiwa limejaa, chelezo hupita juu ya ukingo ule bila kuugusa. Ili kiuguse, lazima maji yawe yameshuka. Na chelezo kikiukalia ukingo upande mmoja, huku upande wa pili ukizidi kushuka na maji, masinia yote hulala kiubavu kama mzigo juu ya punda aliyechoka.

Alitoka nje mbio.

Mzee Senkondo alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na kizibo cha ndiva, kofia yake ya sufu imelowa umande, mikono imening'inia katikati ya magoti. Yeye ndiye alikuwa mshika zamu wa ndiva ya Ivuga, lile bwawa la mababu ambalo hujaa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, shamba hili leo, shamba lile kesho. Maji ya bwawa la ndani yalitoka humo humo kwa mfereji uliopita chini ya ukuta. Ndiva ikishuka, la ndani nalo linashuka.

"Shikamoo, Mzee. Habari za Eliwaza?"

"Marahaba, Mama Niwaeli." Eliwaza alikuwa binti wa mzee, kitinda mimba wake. "Amejifungua alfajiri. Msichana. Kalia huyo, mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia. Ila mama mtu ndiye..." Aliivua kofia yake, akaivaa tena. "Damu haikatiki. Mimi wamenifukuza mlangoni. Wanasema mwanaume akikaa pale anaongeza joto tu. Nikaona bora nije huku mikono ipate la kufanya, na la kufanya lenyewe silioni."

Swali la Namkunda lilikuwa halina adabu kwa saa ile, lakini halikuwa na saa nyingine.

"Mzee wangu, wiki iliyopita ulifungua ndiva nje ya zamu?"

"Nilifungua. Msiba wa kwa Kajiru. Si hata wewe ulikula makande pale?"

"Niliyala."

"Basi ulidhani yalipikwa kwa mate?" Alitaka kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Maji ya msiba hayangoji zamu. Hilo halikuanza na mimi, wala halitaisha na mimi."

"Ilikuwa siku ile tuliyoweka mayai mapya?"

Senkondo alifikiri. "Siku ile ile. Ninyi mliweka asubuhi, mimi nikafungua kabla jua halijasimama. Jioni nikaziba, maji yakarudi mahali pake. Kwani kuna nini?"

Kabla Namkunda hajajibu, simu ya upepo ikakoroma ndani ya jumba.

*

"Ivuga, Ivuga, hapa kituo cha afya." Sauti ya Daktari Mchome ilikuwa ya mtu anayezungumza huku mikono yake iko kwenye kazi nyingine. "Dada Namkunda, upo?"

"Nipo, Daktari."

"Nahitaji chupa nne za damu. Nimeshona, nimekanda, nimempa dawa zote nilizonazo. Inapungua lakini haijakoma, na aliyopoteza ni nyingi. Barabara ya wilayani imekatwa na maporomoko. Ndege za mizigo haziruki kwenye ukungu huu. Ninakutegemea wewe."

"Masinia yako tayari leo," Namkunda akasema. "Tutateremsha kwa kikapu."

Kutoka jumba la mayai hadi kituo cha afya kulikuwa na waya mrefu uliovuka bonde, na kikapu cha bati kilichoning'inia juu yake. Kikapu kilifika haraka kuliko mtu anayeshuka kwa miguu, na hakikujali ukungu. Hicho hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa chini ya vitambaa vyeusi, na alikuwa hajavifunua bado. Mayai yakishawekwa hayafunuliwi mpaka siku ya kukamuliwa, mwanga unayasumbua.

Alivuta chelezo kwa kamba, akafunua sinia la kwanza.

Mwanzoni aliona alichozoea kukiona, na roho yake ikataka kutulia. Vifuko. Vimejaa, vyekundu karibu na weusi, mviringo kama zambarau zilizoiva, vimepangana kimya ndani ya maji ya chumvi. Hivi ndivyo vilivyoiweka hai milima yote hii tangu watu wa kuchangia damu walipopungua na magonjwa ya damu yakazidi. Ndani ya kila kifuko mlikuwa na damu iliyofundishwa, kizazi baada ya kizazi, kufanana na ya mtu.

Kisha akaona katikati ya zambarau zile kitu kingine. Chembamba. Rangi yake ya majani makavu, na juu yake mstari uliosimama kama mshono wa nguo. Kilikuwa na upande mnene na upande mwembamba, na tumbo jekundu lililoning'inia chini yake. Halafu kingine. Halafu vitatu pamoja, vimejibanza pembeni.

Yai la chura, na mayai ya Ivuga yalikuwa ya chura, lina juu na chini tangu likiwa ndani ya mama: juu jeusi, chini jeupe, na huko chini ndiko kwenye kiini kizito. Lakini halina mgongo wala tumbo. Linangoja. Mbegu ya dume ikishatoboa upande mmoja, ngozi ya nje ya yai huanza kuteleza juu ya kiini, kidogo tu, kama kilemba kinavyoteleza kichwani mwa mtu anayesinzia. Basi upande unaotazamana na pale mbegu ilipoingilia hutokea rangi ya kijivu, hafifu, iliyopinda kama mwezi mwandamo, na hapo ndipo mgongo utakapokuwa. Baadaye, hapo hapo, chembe hujikunja na kuingia ndani, na zilizotangulia huziamuru nyingine: wewe kuwa ubongo, wewe kuwa uti, wewe nenda ukakae upande wa moyo. Mwezi ule usipoandama, hakuna wa kuamuru. Yai litagawanyika, litavimba, litakuwa tumbo tupu pande zote. Na tumbo lisilo na mgongo kazi yake kubwa ni kutengeneza damu.

Ivuga waliuzuia mwezi usiandame. Kila sinia kabla ya kuelea liliwekwa juu ya taa ya urujuani, mwanga wake ukapiga yai kutoka chini na kuzilegeza nyuzi zile ndogo zinazoivuta ngozi. Nyuzi zikilegea, ngozi haitelezi. Lakini yai lililolegezwa nyuzi linaweza kuponywa na uzito wake lenyewe. Liinamishe kabla halijagawanyika mara ya kwanza, na kiini kizito kitateleza chenyewe kama uji ndani ya kata iliyoinama, kifanye kazi ile ile ya nyuzi. Ndiyo maana ya chelezo. Ndiyo maana ya kuamini maji kuliko meza.

Namkunda alichukua kijiti, akakigusa kile kilichokuwa karibu, taratibu, ubavuni.

Kikajikunja. Kikaruka upande, kikaingia chini ya zambarau mbili na kutulia huko, ncha ya mkia ikitetemeka.

Kifuko hakikimbii. Katika miaka yake yote hakuwahi kugusa kitu kinachokimbia humu ndani. Vyura wenyewe walinyamaza huku Ivuga tangu yeye akiwa msichana. Ugonjwa wa kuvu ya ngozi uliwamaliza mto kwa mto, na mayai haya yalitoka kwenye nyama za chura jike zilizohifadhiwa katika chupa za kioo. Kiluwiluwi alikiona mara ya mwisho kwenye picha ya ukutani.

"Ni nini hicho?" Senkondo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ni mgongo, Mzee," alisema.

*

Mtambo wa kukamulia ulisimama mwisho wa bwawa, sindano zake zimepangwa kama meno ya kitana. Wafanyakazi waliuita Shangazi, kwa kuwa uliuliza swali lile lile kila mara na haukuridhika na jibu la mtu mmoja. Swali lenyewe lilitoka kwenye sheria, na sheria yenyewe ilikuwa sentensi fupi ambayo watoto waliiimba shuleni: Chenye mgongo ni kiumbe, kisicho na mgongo ni chombo. Nchi ilibishana miaka mingi kabla ya kuikubali. Wenye misikiti yao na wenye makanisa yao, na wale wasio na hili wala lile, wote waliweza kulala juu ya sentensi ile. Chombo kinakamuliwa. Kiumbe kinaachwa kikue.

"Kauli ya mgongo," Shangazi akasema, kwa ile sauti yake tamu isiyochoka. "Sinia la kwanza. Wawili watazame. Mgongo upo, au haupo?"

"Haupo," akasema Senkondo.

Alisema kwa nguvu, hata kabla Namkunda hajageuka. Mtu yule ambaye kijiji kizima kiliapa kwa jicho lake, ambaye hakuwahi kumwongezea hata mwanawe kidole kimoja cha maji, alisimama pale akautazama mtambo kama anayeutazama uso wa mdai.

"Wa kwanza amesema haupo," Shangazi akasema. "Wa pili aseme."

"Sema, mwanangu," Senkondo akanong'ona. "Neno moja. Vitu vyenyewe havijafika hata urefu wa punje ya mpunga."

"Vimefika urefu wa kukimbia, Mzee."

"Eliwaza hawezi kukimbia! Amelala pale!" Kisha akaishusha sauti, na ikawa mbaya zaidi. "Wewe ndiye uliyemsuka nywele za harusi. Mtoto bado hajaoshwa uso."

Namkunda aliichukua simu ya upepo. "Daktari. Masinia yangu yameota migongo. Siyo yote. Sijui ni mangapi."

Simu ikakoroma. Kisha: "Damu ni ile ile, dada. Yenye mgongo, isiyo na mgongo, mwilini mwake itafanya kazi moja. Zaidi ya hapo siwezi kukuamulia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba midomo yake imekuwa myeupe."

"Wa pili aseme," Shangazi akarudia.

Ilikuwa rahisi mno. Hilo ndilo lililomtisha. Neno moja, na zile sindano zingeshuka zote kwa pamoja, zingepita sinia baada ya sinia, zikinyonya bila kuchagua, na kabla maji ya chai hayajachemka chupa zingejaa. Hakuna ambaye angemlaumu. Hata wenye sheria wakija, wangekuta masinia matupu na kauli mbili zinazofanana. Lakini alijua pia kwamba neno lile, "haupo", alikuwa akilisema kila juma kwa moyo mweupe, na watu wa mabondeni waliongezewa damu ya Ivuga wakijua kwamba wanaoitamka kauli ile wametazama kweli. Akilisema leo kwa uongo, kesho litamtoka kwa urahisi zaidi. Na siku mwingine atakapofungua ndiva kwa ajili ya msiba, hakuna atakayechutama kutazama tope.

Na kile kidogo kilikuwa bado kimejificha chini ya zambarau mbili, kinaamini hakionekani.

"Upo," akasema.

Sindano zikarudi ndani kwa mlio mmoja. Taa nyekundu ikawaka. "Kauli zimetofautiana. Kukamua kumefungwa. Wakaguzi watafika njia itakapofunguka."

Senkondo hakupiga kelele. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika msibani.

"Umemuua," akasema.

"Bado," Namkunda akajibu, na tayari alikuwa anafungua kabati la chini.

*

Ndani ya kabati mlikuwa na bomba la mkono la siku za mwanzo, kabla ya Shangazi kuletwa: sindano moja, mpira wa kunyonyea, dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya kichupa. Aliichemsha sindano juu ya jiko la chai. Wakati inachemka aling'oa unywele wake mmoja penye kipaji cha uso, akaukunja ukawa kitanzi, akaufunga kwa uzi kwenye njiti ya kiberiti.

"Unafanya nini?" Senkondo aliuliza.

"Nachagua mchele. Sindano za Shangazi hazichagui, mimi nitachagua. Kijiti kinaumiza, unywele haukwaruzi. Nikigusa kikitulia, ni kifuko. Kikishtuka, nakiacha. Wewe nishikie chupa na kikapu, Mzee. Mkono wangu usisubiri chupa."

Akaanza. Gusa, kimya, choma, vuta. Gusa, kimya, choma, vuta. Kifuko kilipotolewa damu kilisinyaa kikabaki kama ganda la zabibu, nacho kikabaki pale pale kilipokuwa, kwa sababu hakikuwahi kuwa na mahali pengine. Gusa, mkia ukapiga maji. Akakisogeza kwa kitanzi mpaka kwenye sinia tupu lililokuwa upande wa dirisha. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi, na hakuthubutu kulifuta kwa mkono wenye damu. Nje maji yalilia kwenye mfereji. Harufu ya tangawizi kutoka mashambani ilipita mlangoni na kuondoka.

Chupa ya kwanza ikajaa. Senkondo akaipeleka kwenye waya mbio kama kijana. Ya pili ikajaa. Simu ya upepo ikasema ya kwanza imeanza kuingia. Ya tatu ilijaa polepole, kwani vifuko vilivyobaki vilikuwa vidogo, na katika masinia ya mwisho, yale yaliyowekwa karibu zaidi na saa ya kufunguliwa kwa ndiva, kila alichogusa kiliruka.

Ya nne ilifika nusu, ikasimama.

Namkunda alipita tena masinia yote, kona kwa kona, akigusa hata maganda. Hakuna kilichotulia chenye damu. Alisimama wima na mgongo wake ukalia. Kwenye sinia la dirishani viluwiluwi vilikuwa vingi kuliko alivyodhani. Vilielekea vyote upande mmoja, pua kwa pua, kwenye mwanga.

"Daktari, tatu zimekuja. Ya nne ni nusu. Itatosha?"

"Dada, mapigo yake yanapanda na presha inashuka. Chupa zimemshika kidogo, zinamwachia. Nusu haitoshi. Una nyingine?"

Aliitazama simu. Ukweli ulikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa na kifo mwishoni. Alitaka mtu amwambie kwamba kiluwiluwi ni kiluwiluwi. Alitaka mtu amwambie kwamba ametimiza wajibu wake, anaweza kukaa chini. Senkondo alikuwa amekwisha kusema neno lake na likamwishia mdomoni.

"Ipo nyingine," Namkunda akasema. "Nipe nafasi."

Alikwenda kwenye sinia la dirishani. Alijaribu kukichoma cha kwanza, kikaponyoka. Akajaribu tena, kikaponyoka, sindano ikagonga bati. Havikuumbwa vya kuchomwa. Kila kimoja kilikuwa na mbele na nyuma, na mbele yake kilijua mahali pa kukimbilia.

"Vifuko havishikwi," alisema. "Hivi lazima vishikwe."

Mzee Senkondo akakunja mikono ya sweta lake. Alitumbukiza kiganja chake kipana majini, kiganja kile kilichozoea kupima nguvu ya maji kwa kuhisi tu, akakikunja kama kikombe, akakiinua. Ndani yake kimoja kilikuwa kinagonga.

"Kinapiga," akasema. "Kama mshipa."

"Najua, Mzee."

"Nipe hiyo sindano. Ni wangu anayekufa. Dhambi iwe yangu."

"Hapana. Niliyesema upo ni mimi. Ninajua ninachochoma. Wewe shika."

Wakafanya hivyo. Mzee alishika, Namkunda alichoma. Kila kimoja kilijikunja mara moja kukizunguka kidole cha mzee, kisha kikajikunjua, na hakikujikunja tena. Namkunda hakuangalia pembeni hata mara moja; alijiwekea sharti hilo, kwamba ikiwa atafanya, atafanya akiona. Chupa ilipofika kwenye mstari aliondoa sindano hapo hapo, tone lililokuwa njiani likaanguka majini. Hakuchukua hata kimoja cha ziada.

Senkondo alitoka na chupa ya nne bila kukimbia. Aliibeba kwa mikono miwili, kifuani.

*

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka juu ya bonde waliposikia simu.

"Ivuga, hapa kituo. Imekoma. Presha inapanda. Amefungua macho, na neno lake la kwanza ameuliza kama baba yake amekula."

Senkondo aliketi sakafuni pale pale, kwenye maji, akacheka na kulia kwa pamoja bila kujificha. Namkunda alimwacha. Alikwenda kwenye sinia la dirishani. Vilivyobaki hai vilijaa kona moja, vikisukumana. Vya kutosha kujaza kikombe cha chai. Upande wa pili wa sinia ulikuwa na vile vingine, vimelala vimenyooka.

Mzee aliinuka, akafuta uso kwa kofia, akaja kusimama kando yake.

"Mama Niwaeli," akasema taratibu. "Wewe umeokoa mtu. Sikiliza ushauri wa mzee. Mtambo unajua umesema upo, na ulifunga. Basi. Hao wakaguzi wakija watakuta vilivyo hai, watafurahi, watapiga picha. Hivi vingine nitavifukia nyuma ya migomba. Daktari hataulizwa chupa ya nne ilijazwa na nini. Nani atajua?"

"Sisi."

"Watafunga jumba. Watakupeleka mbele ya watu. Na mama mwingine akitokwa na damu wiki ijayo?"

"Hilo nalo wataulizwa. Lakini wataulizwaje, Mzee, kama hawajui? Sheria yao ina maneno mawili tu. Leo tumekutana na la tatu."

Senkondo alitoka nje, akaenda kwenye ndiva. Kupitia mlangoni Namkunda alimwona akikikagua kizibo, akakigongomea kwa jiwe, akakizungushia gome bichi la mgomba mpaka pasipite hata jasho la maji. Kijana wa shamba la chini aliyekuwa amekuja na jembe begani kungoja zamu yake akaanza kulalamika.

"Leo ndiva haifunguliwi," mzee alimjibu. "Hata kwa msiba. Rudi nyumbani."

Aliporudi ndani, Namkunda alikuwa amekwisha simama mbele ya Shangazi. Alikuwa amenawa mikono, amefunga upya kilemba chake. Alibonyeza kitufe.

"Kauli ya mgongo," Shangazi akaanza, tamu kama alfajiri. "Mgongo upo, au haupo?"

"Upo," Namkunda akasema. "Na nimekamua."

Taa nyekundu ikapepesa. "Kauli haijaeleweka. Sema: upo, au haupo."

"Upo. Na nimekamua."

"Kauli haijaeleweka. Sema: upo, au haupo."

"Upo," akarudia kwa sauti ile ile, si ya juu wala ya chini, kama mtu anayemtajia mgeni jina la njia. "Na nimekamua."

"Wa pili aseme," Shangazi akasema hatimaye.

Senkondo alisogea. Viganja vyake vilikuwa bado vimelowa. Alivitazama, kisha akaitazama ile taa nyekundu.

"Upo," akasema. "Mimi ndiye niliyevishika."

"Kauli haijaeleweka," Shangazi akasema. "Sema: upo, au haupo."

Walibaki wamesimama pale wawili, wakirudia.